Wino wa printa ya picha: Chagua kwa umri wa picha, si kwa bei ya katriji

Na Mwandishi Wetu

ENZI za filamu, mteja aliyeharibikiwa na picha alikuwa na pa kurudi. Mpiga picha aliitunza negativu, na kwa negativu hiyo picha iliyochakaa iliweza kusafishwa upya hata baada ya miaka ishirini. Leo hali ni tofauti. Picha hupigwa kwa simu au kamera ya dijitali, huchapwa kwa printa iliyowekwa juu ya meza ya steshenari, kisha simu huibwa, kadi ya kumbukumbu huharibika, na kompyuta ya studio hufutwa ili kupata nafasi ya kazi mpya. Kinachobaki ni karatasi moja iliyotundikwa ukutani.

Uhai wa karatasi hiyo hutegemea mambo matatu, nayo ni wino, karatasi yenyewe na mahali inapowekwa. Kati ya hayo, wino ndio unaonunuliwa mara kwa mara, tena kwa haraka, aghalabu mteja akiwa amesimama anasubiri picha zake. Ndiyo maana wenye studio ndogo, pamoja na familia zenye printa nyumbani, hujikuta wakichagua katriji kwa kigezo kimoja tu, yaani bei iliyotajwa na muuza duka.

Kigezo hicho hakitoshi. Kabla ya kuuliza bei, mnunuzi hana budi kujiuliza picha atakazochapa zinatakiwa kuishi muda gani. Picha ndogo ya kubandika kwenye fomu ya maombi ya kazi ikidumu mwaka mmoja imetimiza wajibu wake. Picha ya harusi, au picha pekee ya bibi aliyefariki, inatarajiwa kuonwa na wajukuu. Hizo ni kazi mbili zilizo mbali mbali, na si lazima wino ufaao kwa moja ufae kwa nyingine.

Kwa nini wino ni ghali

Printa nyingi za picha zilizomo majumbani na katika studio ndogo ni za kurusha wino. Matundu yaliyo membamba kuliko unywele hurusha matone madogo mno juu ya karatasi. Zipo njia kuu mbili za kufanya hivyo. Katika printa za Canon na HP, wino hupashwa joto ghafla hadi kiputo kinachotokea kiusukume nje. Katika printa za Epson, kipande kidogo hupinda kinapopelekewa umeme, nacho huukamua wino bila kuupasha joto. Kampuni ya HP ilitoa printa yake ya kwanza ya namna hii, ThinkJet, mwaka 1984, na tangu hapo biashara hii imejengwa juu ya utaratibu mmoja: printa huuzwa kwa bei ya chini, na faida hutafutwa kwenye wino utakaonunuliwa kwa miaka inayofuata.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hupatwa na mshangao wa kwanza. Katriji zinazokuja ndani ya kasha la printa mpya mara nyingi huwa na wino kidogo kuliko zile zinazouzwa peke yake. Aidha, sehemu ya wino huo hutumika kujaza mirija na kusafisha matundu wakati printa inapowashwa mara ya kwanza. Mwenye printa akihesabu picha alizopata kwa seti ya kwanza, kisha akadhani seti zote zitakuwa hivyo, hesabu yake itakuwa na kasoro.

Vilevile, si wino wote unaonunuliwa unaofika kwenye picha. Kila printa inapojisafisha, wino huvutwa kupitia matundu na kumwagwa ndani ya sponji iliyofichwa chini ya mashine. Printa inayokaa wiki kadhaa bila kazi hukausha matundu yake, na mwenyewe hulazimika kuisafisha mara mbili au tatu kabla ya kupata picha safi. Kwa sababu hiyo, mtu anayechapa picha tano tu kwa mwezi aweza kutumia wino mwingi kwa kusafisha kuliko kwa kuchapa.

Namba kwanza, bei baadaye

Hatua ya kwanza ya ununuzi ni kuandika namba kamili ya printa na namba ya katriji inayotumika, wala si kumweleza muuzaji umbo au rangi ya mashine. Kampuni moja huweza kuwa na katriji kadhaa zinazofanana kwa sura lakini zikitofautiana kwa chipu, ile alama ndogo ya shaba ambayo printa huisoma. Chipu isipokubaliwa, katriji haitafanya kazi hata kama imeingia vizuri mahali pake.

Jambo la pili ni kujua kichwa cha kuchapia kiko wapi. Katika printa nyingi za bei ya chini za HP na Canon, kichwa kimo ndani ya katriji yenyewe. Ukibadilisha katriji umepata na kichwa kipya, hivyo madhara ya wino mbaya huondoka pamoja na katriji. Katika printa za Epson, na katika zile za Canon zenye tangi la kila rangi peke yake, kichwa hubaki ndani ya mashine. Hapo wino mbaya ukiziba matundu, gharama hupanda, kwani bei ya kichwa kipya pamoja na ufundi yaweza kukaribia bei ya printa nyingine. Mwenye printa ya namna hii anapaswa kuwa mwangalifu zaidi kuliko mwenzake.

Jambo la tatu linawahusu hasa wakazi wa Afrika Mashariki, ambako printa nyingi huletwa na ndugu au wafanyabiashara kutoka Dubai, Uingereza na Marekani. Baadhi ya watengenezaji hugawa dunia katika kanda, na printa iliyouzwa katika kanda moja huweza kuikataa katriji halisi iliyouzwa katika kanda nyingine. Anayenunua printa iliyotoka nje sharti aulize kwanza kama wino wake unapatikana madukani hapa nchini. Printa ya bei nafuu isiyo na wino haina faida.

Jambo la nne ni wino mweusi. Baadhi ya printa za Canon za mfululizo wa PIXMA hutumia nyeusi mbili. Ile ya tangi kubwa, yenye herufi PGI, ni ya kuchapa maandishi kwenye karatasi ya kawaida. Ile ya tangi dogo, yenye herufi CLI, ndiyo inayotumika katika picha zenye mng'aro. Mtu anayeona nywele na suti nyeusi zikitoka kijivu huenda akakimbilia kununua tangi kubwa, ilhali lenye tatizo ni lile dogo.

Mwisho, printa nyingi zilizoundwa kwa ajili ya picha huwa na rangi sita au zaidi. Juu ya nyeusi, samawati, majenta na njano huongezwa samawati hafifu na majenta hafifu, ili ngozi ya uso na anga visionekane vimejaa vitone. Rangi hizo hafifu ndizo huisha upesi katika picha za watu. Kwa hiyo, mwenye printa ya tangi moja moja anashauriwa kuwa na akiba ya rangi hafifu kabla ya zile nyingine.

Wino wa aina mbili

Juu ya makasha ya wino wa picha yapo maneno mawili ambayo mnunuzi anapaswa kuyajua. Neno "dye", linalotamkwa dai, huonyesha kwamba rangi imeyeyuka kabisa ndani ya maji, kama sukari inavyoyeyuka ndani ya chai. Neno "pigment", au pigimenti, huonyesha kwamba rangi ni chembechembe ndogo mno zinazoelea bila kuyeyuka, kama unga laini ndani ya uji mwepesi.

Wino wa dai hupenya ndani ya karatasi na kutoa rangi angavu zenye mng'aro, ndiyo maana umetawala katika studio. Udhaifu wake ni kwamba molekuli za rangi, zikiwa zimetawanyika moja moja, hushambuliwa kwa urahisi na mwanga, na gesi zilizomo hewani, na unyevu. Tone la maji likiangukia picha ya namna hiyo, hasa katika karatasi ya bei ya chini, rangi huweza kusambaa.

Wino wa pigimenti hukaa juu ya karatasi. Kila chembe imeundwa kwa molekuli nyingi zilizoshikana, hivyo zile za nje zikiharibika, za ndani husalia. Kwa kawaida hustahimili mwanga na maji kwa muda mrefu zaidi. Hata hivyo, bei yake iko juu, na katika baadhi ya karatasi za mng'aro sehemu nyeusi za picha huonyesha wekundu wa shaba zinapotazamwa kwa pembeni.

Kosa kubwa ni kuchanganya aina hizi mbili. Kichwa cha printa iliyoundwa kwa ajili ya dai huweza kuzibwa na chembechembe za pigimenti. Na pale ambapo mashine haizibi, rangi hutoka tofauti na zilizokusudiwa, kwa kuwa programu ya printa imepangwa kwa wino mmoja tu.

Upo mtego mwingine uliokuja na biashara ya kuchapa fulana na vikombe. Wino wa sablimesheni, ambao huchapwa kwenye karatasi kisha ukahamishwa kwa joto hadi kwenye kitambaa au kikombe, huuzwa katika chupa zinazofanana sana na zile za wino wa picha, na hutumika katika printa zile zile. Ukiwekwa kwa bahati mbaya na kuchapwa kwenye karatasi ya picha, rangi hutoka zimefifia na nyuso zikakosa uhai, kwa sababu wino huo huamka pale tu unapopigwa joto la mashine. Kwa hiyo lebo ya chupa isomwe neno kwa neno, hata kama rangi ya kifuniko ni ile ile.

Funzo la mwaka 2000

Mwaka 2000 kampuni ya Epson ilitoa printa za picha zilizosifiwa sana, zikiwamo Stylus Photo 870 na 1270, pamoja na karatasi mpya ya mng'aro. Picha zake zilitarajiwa kudumu kwa miaka mingi. Haikupita muda mrefu kabla ya baadhi ya wanunuzi kulalamika kuwa picha zao zinageuka rangi ya chungwa, nyingine katika siku au wiki chache tu, hata pale zilipokuwa mbali na jua. Wengine hawakuona mabadiliko yoyote.

Uchunguzi ulielekeza lawama kwenye ozoni, gesi iliyomo hewani kwa kiasi kidogo, ambayo iliishambulia rangi ya samawati. Samawati ilipotoweka, majenta na njano zilibaki, nazo kwa pamoja hutoa rangi ya chungwa. Karatasi ile mpya ilikuwa na vitundu vidogo vya kunyonya wino upesi, na vitundu hivyo hivyo viliacha mlango wazi kwa hewa kuingia. Tofauti kati ya mnunuzi mmoja na mwingine ilikuwa ni hewa ya chumba chake.

Tukio hilo lilifundisha kwamba hakuna wino unaodumu peke yake. Kinachodumu au kisichodumu ni muungano wa wino, karatasi na mahali. Mtu akibadilisha wino huku akibakiza karatasi ile ile, amekwisha kutengeneza muungano mpya ambao huenda hakuna aliyewahi kuupima.

Maabara ya Wilhelm Imaging Research iliyoko Grinnell, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, ndiyo iliyojipatia jina katika vipimo vya aina hii. Miaka inayotajwa katika makasha ya kampuni kadhaa hutokana na vipimo vyake. Ni vyema kufahamu masharti ya vipimo hivyo. Picha huhesabiwa kuwa iko ndani ya fremu ya kioo, chini ya mwanga wa ndani wa saa 12 kwa siku, katika joto la nyuzi 24 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 60. Sebule ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, ambako joto la mchana hupita nyuzi 30 na unyevu huwa juu zaidi, haifanani na chumba hicho. Kwa hiyo, miaka 100 iliyoandikwa kwenye kasha ichukuliwe kuwa kipimo cha kulinganishia wino mmoja na mwingine, wala isichukuliwe kuwa ahadi kwa mkazi wa pwani.

Ozoni nayo haiko mbali. Mashine za fotokopi na printa za leza, hasa za zamani, huitoa zinapofanya kazi. Steshenari nyingi huweka mashine hizo katika chumba kimoja na picha za maonyesho zilizotundikwa bila kioo, kisha mwenyewe hushangaa kwa nini picha za ukutani zimebadilika rangi.

Halisi, mbadala na bandia

Sokoni kuna makundi manne ya wino, na muuzaji mwaminifu anapaswa kumweleza mteja ni lipi analouziwa. La kwanza ni wino halisi wa kampuni iliyotengeneza printa. La pili ni wino mbadala, unaotengenezwa na kampuni nyingine na kuuzwa kwa jina lake yenyewe. La tatu ni katriji iliyotumika, ikasafishwa na kujazwa upya. La nne ni bandia, yaani bidhaa iliyovikwa jina na nembo ya kampuni ambayo haikuitengeneza.

Makundi matatu ya kwanza ni biashara halali. Katika kundi la mbadala wamo watengenezaji wanaojali ubora, na wamo wanaojaza maji ya rangi. Kundi la nne ni udanganyifu, kwa kuwa mnunuzi hulipa bei inayokaribia ile ya wino halisi akapewa asichokijua. Nchini Tanzania, mapambano dhidi ya bidhaa bandia yako chini ya Tume ya Ushindani (FCC), inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Kenya nayo ilitunga sheria yake ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008.

Mnunuzi anaweza kujikinga kwa hatua chache. Achunguze kama kasha halijafunguliwa na kubandikwa upya. Alinganishe maandishi na rangi ya kasha na lile la zamani alilotunza. Atazame tarehe ya mwisho wa matumizi. Apime uzito wa katriji mkononi. Zaidi ya yote, adai risiti ya EFD yenye jina la duka, kwani bila risiti malalamiko yake hayatakuwa na mguu wa kusimamia.

Suala la kama kampuni ina haki ya kumzuia mteja kutumia wino wa wengine limezua mabishano marefu duniani. Septemba 13, 2016, printa nyingi za HP zilianza kuzikataa katriji mbadala zilizokuwa zikifanya kazi hadi siku iliyotangulia, kutokana na maagizo yaliyokuwa yamepachikwa katika programu ya mashine. Baada ya malalamiko, kampuni hiyo ilikiri mwishoni mwa mwezi huo kwamba haikuwasiliana na wateja wake vya kutosha, na ikaahidi programu ya hiari ya kuondoa kizuizi hicho.

Mei 30, 2017, Mahakama Kuu ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya kampuni ya Impression Products na Lexmark kwamba mwenye hataza akishauza bidhaa yake hawezi tena kuitumia hataza hiyo kudhibiti namna inavyotumiwa. Kesi hiyo ilihusu katriji za unga za printa za leza zilizojazwa upya. Hata hivyo, uamuzi ule haukuzuia kampuni kuweka chipu na vizuizi ndani ya mashine, wala hauzifungi mahakama za Afrika Mashariki. Hivyo anayetumia wino mbadala afahamu kuwa printa iliyounganishwa na intaneti huweza kujisasisha usiku na kuikataa katriji asubuhi. Kabla ya kuruhusu masasisho, asome kwanza yanakusudia nini.

Hesabu ya picha moja

Bei ya katriji haimwambii mfanyabiashara kitu mpaka igawanywe kwa idadi ya picha. Tuchukue mfano wa kuonyesha hesabu tu. Seti ya kwanza inauzwa shilingi 60,000 na inatoa picha 200 za saizi ya kadi. Kila picha imekula wino wa shilingi 300. Seti ya pili inauzwa shilingi 100,000 na inatoa picha 500, sawa na shilingi 200 kwa picha. Seti iliyoonekana ghali ndiyo nafuu.

Hesabu haijaishia hapo. Endapo katika zile picha 200 za seti ya kwanza 40 zitaharibika kwa mistari au rangi mbaya, zitabaki 160, na gharama ya wino itapanda hadi shilingi 375 kwa kila picha njema. Juu yake kuna karatasi 40 zilizotupwa, na muda wa mteja aliyesubiri.

Wakati wa kulinganisha, mnunuzi asikubali idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye kasha bila kuuliza ni kurasa za namna gani. Kipimo cha kimataifa cha ISO/IEC 24711 hutumia kurasa za ofisi zenye maandishi na michoro. Kwa picha kipo kipimo kingine, ISO/IEC 29102, na idadi yake huwa ndogo zaidi, kwani picha hufunika karatasi nzima kwa wino.

Wanaochapa picha nyingi wana njia nyingine, nayo ni printa zenye matangi ya kujazwa kwa chupa. Kwa miaka mingi mafundi walikuwa wakitoboa printa za kawaida na kuziunganisha kwa mirija na chupa za nje. Mwaka 2010 Epson ilianza kuuza nchini Indonesia printa zilizoundwa hivyo tangu kiwandani, na kampuni nyingine zikafuata. Katika L800 na L805, printa za Epson za rangi sita zilizoenea katika studio, chupa moja ya wino halisi ina mililita 70, ilhali katriji nyingi ndogo za picha hazifikishi hata mililita 15. Printa ya tangi ni ghali siku ya kuinunua, lakini kwa anayechapa kila siku wino wake huwa nafuu mno. Kwa anayechapa mara chache, mtaji huo hulala, na matundu hukauka.

Zipo pia printa ndogo zisizotumia maji ya wino kabisa, kama zile za Canon SELPHY. Hizo huhamisha rangi kutoka kwenye utepe kwa joto, kisha huipaka picha utando wa kinga. Utepe na karatasi huuzwa pamoja, kwa mfano pakiti ya picha 108, na hesabu haibadiliki, picha iwe nyeupe au nyeusi tupu. Mwenye nayo anajua gharama ya kila picha tangu mwanzo. Tahadhari moja ni kwamba utepe uliotumika hubaki na alama za picha zilizochapwa, kwa hiyo usitupwe ovyo iwapo picha hizo ni za vitambulisho.

Kipi kwa kazi gani

Kwa picha ndogo za fomu na vitambulisho, wino mbadala wa dai kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana waweza kutosha, mradi rangi ya ngozi inatoka ilivyo. Hapo ndipo wino mbaya hujifichua mapema. Ngozi ya kahawia hutokana na uwiano wa samawati, majenta na njano, na rangi moja ikizidi kidogo tu uso huwa wa kijani au mwekundu. Mnunuzi achape kwanza picha moja ya mtu anayemfahamu, ailinganishe na sura yenyewe mchana nje ya nyumba, ndipo anunue chupa nyingi.

Kwa picha za harusi, mahafali na kumbukumbu za marehemu, ushauri ni kutumia wino halisi pamoja na karatasi iliyopendekezwa kwa wino huo, au wino wa pigimenti kwa printa iliyoundwa kwa ajili yake. Picha iachwe ikauke vizuri kabla ya kuwekwa ndani ya fremu ya kioo, itundikwe ukuta usiopigwa na jua, na isigusane na kioo chenyewe. Mwenye studio anayetumia wino wa bei ya chini kwa kazi hizi hubakiza shilingi chache leo, kisha hupoteza jina lake miaka miwili baadaye pale mteja anaporudi na picha ambayo nyuso za wazazi wake zimefifia.

Asiyejua wino alionao ni wa namna gani anaweza kuupima mwenyewe bila maabara. Achape picha moja, aikate vipande viwili, kimoja akifungie ndani ya bahasha kabatini na kingine akibandike dirishani penye jua. Baada ya wiki nne avilinganishe. Kisha arudie kwa wino mwingine, kwa karatasi ile ile. Jaribio hilo halitoi idadi ya miaka, lakini litaonyesha wazi ni wino upi unaokimbia kwanza.

Utunzaji nao una sehemu yake. Katriji iliyofunguliwa itumike ndani ya miezi sita, na zilizo akibani zikae mahali pasipo joto, ndani ya kasha zake. Printa izimwe kwa kitufe chake, wala si kwa kuchomoa waya, ili kichwa kirudi mahali pake na kufunikwa. Kila wiki ichapwe walau picha moja ndogo yenye rangi zote. Nayo mafaili ya picha za thamani yanakiliwe mahali pawili, kwa kuwa hata wino bora kuliko wote una mwisho wake.

Kwa upande wa mteja, swali ni fupi na halina gharama. Kabla ya kulipia picha ya ukutani, amwulize mwenye studio ni wino gani utakaotumika na karatasi gani. Anayejua kazi yake atajibu bila kusita, na ikibidi ataonyesha kasha. Anayeshindwa kujibu huenda anafaa kwa picha za fomu, lakini si kwa picha ambayo familia haina nakala yake nyingine.